Baiskeli Iliyotakiwa Ruiru

Watu huondoka Gatuanyaga asubuhi, wakaenda Ruiru, wakamaliza shughuli zao na kurudi kabla mbuzi hawajaingia zizini. Mimi nilichukua siku mbili kufika. Nyinyi wenzangu wa kwaya mmekuwa mkiniuliza mmoja mmoja, na naona kila mmoja amekwisha kusikia yake. Kuna aliyeambiwa nilipita barabara kuu katikati ya malori nikiimba. Mwingine aliambiwa nilichukuliwa kazi kiwandani nikakataa. Hilo la pili lina ukweli kidogo. Nimeandika ili nisirudie, nanyi mpitishiane.

Sababu ya safari

Mnajua kwamba tangu baba na mama watuache, nyumba yetu ni mimi, Mwangi na Nyambura. Niliacha shule darasa la saba, Nyambura akiwa bado anabebwa mgongoni. Sasa Nyambura yuko chuo cha ualimu, na Mwangi anafanya kazi katika kiwanda cha maji ya matunda pale Thika. Humo kiwandani ndimo alimompata Nekesa.

Nekesa ni Mbukusu. Amelelewa Ruiru na babu yake, ambaye wote humwita Kuka, yaani babu kwa lugha yao. Kuka alikuja kutoka Bungoma akiwa kijana, akafanya kazi katika mashamba ya kahawa, akazeekea hapo. Mwangi alipokwenda kujitambulisha, mzee alimuuliza swali moja tu.

"Mkubwa wa nyumba yenu ni nani?"

"Ni dada yangu, Wangari."

"Basi aje yeye. Sitaki mniletee mzee wa kuazimwa, aliyevalishwa koti na kufundishwa maneno njiani. Na alete baiskeli."

Katika ukoo wao, mjukuu wa kwanza wa kike huombewa kwa baiskeli. Babu wa Kuka mwenyewe ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuonekana na baiskeli upande wa kwao, siku ambazo reli yenyewe ilikuwa bado mpya, na alikwenda kuoa akiwa juu yake. Kwa hiyo baiskeli inayotakiwa ni nyeusi, ya chuma, yenye keria ya mizigo nyuma. Na ni lazima ije kwa magurudumu yake, tena iendeshwe na mkubwa mwenyewe. Isipakiwe kwenye gari wala kubebwa begani. Mwangi aliuliza kwa nini. Kuka akamjibu, "Mtu akibeba baiskeli, watu huuliza ameitoa wapi. Akiiendesha, huuliza anakwenda wapi."

Siku ikawekwa, Jumamosi, kwa chakula cha mchana. Kuka aliongeza kwamba Jumamosi ikipita hatazungumza tena habari ya Mwangi. Kulikuwa na watu wa kwao Bungoma ambao tayari walikuwa wakiuliza habari za Nekesa.

Baiskeli ya namna hiyo mnajua ninayo moja, ile ya maziwa.

Gatuanyaga hadi Makongeni

Niliondoka Ijumaa alfajiri na mitungi ya maziwa kama kawaida, kwa sababu wateja wa Makongeni hawajui habari za posa. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nigawe maziwa, niache mitungi kwa Mwangi, nilale Juja kwa rafiki, na Jumamosi niingie Ruiru asubuhi nikiwa msafi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo sikuwa nimelala vizuri. Nilikuwa nimeinuka mara nyingi kwenda kuishika baiskeli, kana kwamba ni ng'ombe anayekaribia kuzaa. Nilikaza hiki, nikalegeza kile. Nafikiri ndivyo nilivyoiharibu.

Penye mteremko wa kwanza, Karis wa pikipiki alinifikia akapunguza mwendo tukawa sambamba, vumbi lake lote likinijia.

"Mama Maziwa, niaje? Nasikia unahamia Ruiru."

"Poa. Naenda kuomba msichana."

"Na hiyo? Weka hapa nyuma nifunge na kamba. Saa hii hii tuko Ruiru, unakula chai, unarudi."

"Haibebwi."

"Nani amesema?"

"Mwenye msichana."

Karis alifikiri kidogo. "Huyo mzee ana bahati sikumpenda mjukuu wake mimi. Ningemletea tairi moja tu, nyingine aje aichukue mwenyewe." Akacheka, akaniacha ndani ya vumbi. Lakini juu ya kilima nilimkuta amesimama akiningoja. Alinipa chupa yake ya maji, akageuza akarudi. Yeye ndiye aliyewaambia hayo ya kuimba katikati ya malori, na mimi nimemsamehe kwa sababu ya hayo maji.

Makongeni nilimaliza haraka hata mteja mmoja akaniuliza kama nimegombana na mtu.

Eneo la Viwanda

Mbele ya viwanda, kanyagio la kulia likaanza kucheza. Nikakanyaga mara mbili, likazunguka peke yake kama saa mbovu. Ile kota, yaani kipini cha chuma kinachoshikilia mkono wa kanyagio, ilikuwa imekatika. Nikashuka nikasukuma. Kusukuma si kubeba, nilijiambia, magurudumu yanazunguka.

Niliona ukuta wenye kivuli kando ya geti la kiwanda kimoja, nikaegemeza baiskeli hapo ili nitazame vizuri. Nilikuwa nimeinama nikitafuta kipande cha kota, na nilipoinua kichwa niliona mwanamke amesimama nyuma yangu na mfuko wake wa chakula. Nyuma yake mwingine. Nikadhani wanangojea gari. Wakaongezeka. Nilipogeuka mara ya tatu, mstari ulikuwa umefika kwenye kibanda cha viatu, na mimi ndiye niliyekuwa mbele.

Geti likafunguka kidogo. Akatoka mtu mwenye koti jeupe.

"Wewe wa baiskeli, ingia. Na watatu nyuma yako."

"Mimi siingii. Nimeharibikiwa."

"Hutaki kazi?"

"Nataka kota."

Yule wa nyuma yangu, mwanamke mnene mwenye leso ya kijani kichwani, alinitazama kuanzia viatu hadi juu. "Mama, tangu saa ile umetushikia laini na hutafuti kazi?"

"Sikushika laini. Nilikuwa nimesimama."

"Basi siku nyingine usisimame kama mtu anayetafuta kazi."

Kumbe siku zote vibarua hupanga mstari upande wa pili wa geti. Wa kwanza aliponiona asubuhi hiyo upande wangu alidhani wamebadilisha, na waliokuja wote wakamfuata. Wale wa upande wa kawaida walikuwa wachache, na wao nao walikuwa wanatutazama kwa mashaka wasijue kama wako mahali pabaya. Mwenye koti akacheka akawachanganya wote, akachukua aliowahitaji. Mwenye leso ya kijani aliingia. Alipopita karibu nami alisema, "Nenda pale kwenye mti uliokatwa, kuna fundi. Mwambie umetumwa na Mama Otieno. Usimwambie ya laini."

Fundi alikuwa Njoroge, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa na waya. Alikuwa amezungukwa na pikipiki.

"Kota ya baiskeli," alisema, akilitamka neno hilo kama jina la mtu aliyehama. "Hiyo mara ya mwisho kuishika nilikuwa na nywele. Duka halina. Nitachonga."

Alichukua boliti, akaibana, akaanza kuipiga tupa. Alikuwa na mkono mzuri. Lakini kila alipopiga tupa mara chache ilikuja pikipiki, na kila mwenye pikipiki alikuwa na haraka ya kufa na kupona. Njoroge aliweka boliti chini, akaenda, akarudi, akaitafuta boliti. Mimi nilisimama, nikakaa, nikasimama. Nilizunguka kibanda. Nilisoma maandishi yote yaliyokuwa kwenye mabati.

"Mama, kaa chini. Unanichosha mimi ninayefanya kazi."

"Niko na safari."

"Safari ipi?"

"Ruiru."

Alinitazama juu ya miwani. "Nilidhani utasema Kampala."

Mchana ukaingia. Nilinunua githeri ya mahindi na maharagwe, yenye parachichi juu, kwa mama mmoja mwenye sufuria kubwa, nikala nimesimama. Ndipo Nyambura akapiga simu. Alikuwa ametoka darasani na alitaka kunifurahisha.

"Wangari, leo nimesoma habari za baiskeli yako."

"Imeandikwa wapi?"

"Maktaba. Unajua zamani ilikuwa na gurudumu moja kubwa mbele, mtu akikaa juu kama kwenye paa, akianguka anaanguka na kichwa? Halafu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa wakafanya magurudumu mawili sawa, na cheni. Miaka hiyo hiyo ndiyo watu walipata taa ya balbu, simu, sinema, na ile sahani inayoimba. Hata picha ya kuonyesha mifupa. Yote karibu wakati mmoja. Na tairi ya upepo, unajua nani aliitengeneza ikashika? Daktari wa mifugo. Alitaka mtoto wake asirushwe na mawe."

Hilo la daktari wa mifugo lilinipendeza sana. Nilitazama pale nilipokuwa. Juu ya geti kulikuwa na taa iliyosahauliwa ikiwaka mchana kweupe. Sikioni nilikuwa na simu. Redio ya Njoroge ilikuwa inaimba. Ndugu wote wa miaka ile walikuwa wazima wakifanya kazi zao, isipokuwa wangu.

"Na wanawake," Nyambura aliendelea, "walipoanza kuiendesha, watu walisema watakuwa na uso mbaya usiorudi tena. Walisema mwanamke akizoea kwenda mahali peke yake hatarudi jikoni."

"Mimi nikitoka hapa nitarudi jikoni kwa furaha."

"Umefika wapi?"

"Eneo la Viwanda."

"Wangari. Bado uko Thika?"

Kota ilipigwa nyundo ikaingia wakati jua limeanza kuelekea magharibi. Njoroge alizungusha kanyagio kwa mkono, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alisema itashika ikiwa sitasimama juu ya kanyagio kwenye vilima. Nilimwambia asante, nikapanda, na kwenye kilima cha kwanza nikasimama juu ya kanyagio. Ikashika.

Witeithie hadi Juja

Sehemu hii ni fupi kwa macho ya mwenye gari. Nilifuata njia ya kando ya barabara kuu, upepo wa malori ukinisukuma kuelekea mtaroni. Nilipotaka kuvuka nilikuta daraja la waenda kwa miguu, na upande niliofikia ulikuwa na ngazi tu. Watu walikuwa wanapanda na mizigo. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa na baiskeli nyembamba kama mbu aliitupa begani akapita.

Nami nilisimama chini ya ngazi hizo nikiwa na hasira kwa mzee ambaye sijawahi kumwona. Nani angejua? Ni hatua chache hewani. Nikageuka nikarudi nyuma nilikotoka, hadi mahali ambapo barabara inapita juu na watu na mbuzi hupita chini, nikavukia huko kwenye maji ya matope. Nilifika Juja giza likianza. Rafiki yangu aliponifungulia mlango aliniuliza kama nimekuja kwa miguu. Nilikula ugali na sukuma wiki, nikalala nimevaa soksi, nikingojea kuche.

Theta

Mvua ilinyesha kabla ya mapambazuko. Si kubwa, ila mnajua udongo mweusi wa upande ule: hauhitaji mvua kubwa, unahitaji sababu tu. Nilikuwa nimeambiwa kwamba nikiacha barabara kuu na kukata kupitia Theta nitaepuka malori. Ni kweli, sikuona lori hata moja. Hakuna lori ambalo lingeweza kupita.

Theta imebadilika. Palipokuwa na njia kati ya mihindi, sasa kuna mawe ya mpaka na geti jekundu, na nyuma ya geti nyumba ambayo bado haina madirisha. Njia yangu iliishia kwenye ukuta mara mbili. Mara ya tatu iliendelea, na hapo ndipo tope liliponishika. Lilijaa kati ya tairi na bamba la tope, likakauka humo kama saruji. Magurudumu yakagoma. Nikachukua kijiti, nikakwangua, nikasukuma kidogo, yakagoma tena. Nilikwangua hadi kijiti kikavunjika, nikachukua kingine. Jua lilikuwa linapanda bila kunijali. Mwangi alipiga simu kusema yeye na Nyambura wamefika Ruiru na kwamba Kuka ameuliza nilipo. Nilimwambia niko njiani. Ilikuwa kweli, ijapokuwa njia yenyewe ilikuwa imenikamata.

Mbele yangu kulikuwa na shimo la maji kuvuka njia nzima. Upande wa pili alikuwepo mwanamume anayejenga, mrefu, mwenye buti za mpira. Alinitazama kwa huruma kwa muda. Kisha, kabla sijafungua mdomo, akavuka, akainyakua baiskeli, akaitia begani na kurudi nayo ng'ambo. Aliiweka mahali pakavu, akanitabasamia kama mtu aliyefanya jambo la Jumapili.

"Haya, mama. Ruka sasa."

"Irudishe."

"Nini?"

"Tafadhali, irudishe huku."

Alicheka akidhani natania. Nilipovua viatu na kuingia majini kuifuata, aliacha kucheka.

"Mama, uko salama?"

"Niko salama. Haifai kubebwa. Imekuja kwa magurudumu tangu Gatuanyaga."

"Ni nadhiri ya kanisa?"

Nilikuwa nimechoka kueleza. "Ni kama nadhiri."

"Kanisa gani hilo? Nisije nikaingia bila kujua."

Lakini aliirudisha. Aliibeba tena, hilo silo nililotaka, ila hakukuwa na njia nyingine ya kuirudisha. Kisha akasimama kando na mikono kiunoni akinitazama nikikwangua. Mwishowe akatoa mwiko wake wa kujengea akakwangua gurudumu la nyuma, mimi nikiwa la mbele. Tukaishika kila mtu upande wake, tukaisukuma ndani ya maji, ikazunguka polepole kama kinu, ikatoka ng'ambo.

"Sasa Mungu wako ameridhika?" aliuliza.

"Bado sijamwona. Yuko Ruiru."

Alinionyesha njia yenye kokoto inayopitia kando ya kahawa. Niliosha miguu kwenye bomba lake la ujenzi, nikavaa viatu. Gauni langu zuri nililokuwa nimelifunga kwenye keria lilikuwa na mstari mweusi wa tope kuanzia kiunoni hadi chini. Nikalivaa hivyo hivyo, nyuma ya ukuta usio na nyumba.

Ruiru

Niliingia uani kwa Kuka nikiwa juu ya baiskeli, nikipiga kengele ili kuku waondoke. Watu walikuwa nje. Mzee mfupi mwenye kofia ya sufu aliinuka kwenye kiti. Mwangi alikuwa na uso wa majivu. Nekesa alikuwa mlangoni ameshika mwiko, na nilimwona akiuteremsha polepole.

Kuka hakunisalimu kwanza. Aliinama akatazama tairi, akagusa tope kwa kidole.

"Imebebwa?"

"Ilibebwa kidogo Theta, na mtu ambaye hakuniuliza. Niliirudisha nikaivusha upya."

Uso wake haukubadilika. "Uliirudisha nyuma."

"Ndiyo."

"Mbele ya mtu?"

"Aliniuliza kanisa langu."

Hapo mzee alicheka hadi akashika kiti. Kisha akanipa mkono, mikono yote miwili. "Karibu, mkubwa. Hata huyo babu yangu, siku ya kwanza aliyoingia nayo, watu walikimbia wakidhani ameleta mnyama. Ilibidi ashuke awaonyeshe kwamba haiumi."

Nilidhani safari imeisha. Nilikaa, kwa mara ya kwanza katika siku mbili nilikaa kweli, nikaosha mikono, na chakula kikaletwa na shangazi ya Nekesa, mama mmoja mwenye sauti ya chini ambaye wote walimwita Senge. Kulikuwa na ugali na kuku. Nilipofunuliwa sahani yangu, juu kabisa ilikuwa firigisi, nzima, imepasuliwa vizuri na kung'aa.

Nawaambieni nilivyofanya. Nilifanya kile ninachofanya tangu Mwangi akiwa mtoto. Kipande kizuri kikinifikia, mkono wangu hukipeleka upande wake au wa Nyambura kabla sijafikiri. Nilichukua firigisi, nikaiweka kwenye sahani ya Mwangi. Naye, aliyezoea hivyo tangu utotoni, akaitia mdomoni.

Mzee mmoja jirani, aliyekuwa amealikwa, akatazama nje. Kuka aliweka tonge lake chini, akanawa mikono, akainuka akatoka.

Senge alinigusa bega. Jikoni alizungumza kwa upole, lakini hakunizungusha.

"Mama Wangari, umetuambia nini pale?"

"Sijasema kitu."

"Umesema. Firigisi kwetu ni ya mkubwa wa nyumba iliyotutembelea. Mwanamke kupewa si kawaida, hata mimi sijawahi kuila nikiwa kwa baba. Mzee amepigana na jirani huyo wiki nzima juu yako. Akasema, mkubwa ni mkubwa. Halafu wewe umeitoa mbele ya wote ukampa bwana arusi. Basi mkubwa ni yeye, na amekuja kujiombea mwenyewe. Wewe umekuwa mtu wa kuleta baiskeli."

"Lakini kwetu mkubwa ndiye anayekula mwisho."

"Kamwambie yeye."

Kupitia mlango nilimwona Nekesa amekaa juu ya gunia la mkaa, mikono kati ya magoti. Hakuwa analia. Alinitazama tu, na macho yake yaliniuliza kama nitatoka au nitabaki jikoni.

Nilitoka. Kuka alikuwa amesimama kando ya baiskeli, akizungusha kanyagio kwa kidole.

"Kota hii imechongwa," alisema.

"Thika. Ilikatika jana."

"Ni kazi nzuri." Akaendelea kuzungusha. "Mjukuu wangu akipigwa, au akilala njaa, au huyo kijana akianza pombe, nimwite nani? Kijana?"

"Mimi."

"Lakini umenionyesha kijana."

"Sikujua, Kuka. Nimewalea kwa kuwapa. Mkono wangu haujui njia nyingine."

"Hiyo ni mama. Mama nimekwisha kumwona, anaonekana hata kwa gauni hilo lenye tope. Mimi niliita mkubwa. Mama humpa mtoto firigisi, halafu mtoto akikosa humfichia. Mkubwa hula firigisi yake watu wakimwona, na siku mtoto akikosa, humwambia mbele ya hao hao."

Nilijua anasema kweli, kwa sababu nimemfichia Mwangi mambo mengi, nanyi mengine mnayajua.

"Mimi ndiye wa kuitwa," nilisema. "Na Mwangi akimkosea Nekesa, sitamfichia. Nitakuja hapa kuyasema mwenyewe."

"Kwa kuku mmoja, firigisi ni moja," Kuka alisema. "Nayo imeliwa."

"Basi achinjwe mwingine. Niko tayari kungoja."

Nilipolisema hilo, miguu yangu, isiyojua kungoja, ilitaka kucheka. Mzee akamwita Senge kwa lugha yao. Senge akajibu kwa ukali kidogo. Baadaye Nekesa aliniambia kwamba aliyekuwa amebaki ni kuku wa mayai wa Senge, ambaye Senge hakupenda hata ashikwe.

Alichinjwa. Chakula chote kilifunikwa upya, na hakuna aliyeruhusiwa kuendelea kula. Watu walikaa. Jirani alipiga miayo. Mwangi hakuweza kuniangalia, na Nyambura alikuwa ameuma midomo asicheke. Kuku mzee wa mayai haivi haraka. Nilisikia sufuria ikichemka, ikaongezwa maji, ikachemka tena. Hakuna aliyesema neno la posa katika muda huo wote. Nilikunja mikono yangu mapajani, mmoja juu ya mwingine, ili isije ikafanya kitu bila ruhusa yangu.

Sahani ikaja. Senge aliiweka mbele yangu kwa mikono miwili. Firigisi ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, na ngumu. Nilimwona Mwangi akimeza mate. Nilimtazama usoni, nikaichukua, nikaitia mdomoni mwangu.

Ilihitaji kutafunwa sana. Jirani alikuwa na njaa, watoto mlangoni walikuwa na njaa, Kuka alikuwa ameshika tonge lake tayari. Kwa siku mbili nilikuwa nimekimbia. Pale sikukimbia. Nilitafuna taratibu mpaka ikaisha, na nyumba yote ikaningoja.

Kisha nikamwambia Kuka, "Haya. Tuzungumze habari za watoto wetu."

"Nakusikiliza, mkubwa," akasema, na ndipo watu wakaanza kula.